Nani Analipa Kodi Nyumbani Kwake?

Baba yangu aliuza bati na misumari Mkonze, chini ya bendera ya chama tawala aliyoipandisha kwa mkono wake. Mteja akija, swali lilikuwa moja: na risiti au bila? Bila risiti bei ilishuka kidogo, na karibu wote walichukua bila. Siku niliyomuuliza kwa nini, alinishangaa.

"Serikali ni yetu. Nani analipa kodi nyumbani kwake?"

Ng'ambo ya barabara dada yake aliuza vitambaa. Shangazi alikuwa mpinzani damu damu, lakini hata ukinunua uzi alikuchapia risiti. "Nikilipa, napata mdomo wa kuwasema," aliniambia. Nilikua katikati yao nikiamini lazima mmoja amekosea. Nani, sikujua, na kutojua kuliniudhi.

Moyoni nilimchagua shangazi. Niliapa kwamba siku nikilishika duka la baba, kila mteja atapata risiti yake. Kisha ukapita uchaguzi, na shangazi akaizima mashine yake ya risiti.

"Mdomo wenyewe hawausikii," alisema. "Nalipia nini?"

Niliumia kama mtu aliyeachwa njiani. Na wiki hizo hizo magoti yakamshinda baba, akanikabidhi duka.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa shangazi mwenyewe, akitaka bati za kuezekea jiko.

"Usinichapie, mama. Sitaki hata kuiona hiyo risiti."

Baba alikuwa mlangoni kwenye kiti cha plastiki. Akageuka. "Mchapie huyo! Wapinzani ndio walipe, waache kulalamika bure."

Nikachapa, sijui kwa kumtii nani. Shangazi aliiacha risiti kwenye kaunta, akaondoka na bati zake bila kuaga.

Akaingia jirani yetu mmoja, kofia ya chama kichwani. Nikanyoosha mkono kwenye mashine. Baba akakohoa.

"Huyo mwache. Ni wa kwetu."

Hasira zikanipanda. Nikamchapia naye, bei kamili. Jirani akaishika risiti kwa ncha za vidole, akanitazama kwa huruma.

"Kumbe na wewe umehamia upinzani?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Baba alikuwa ameinua uso pale kwenye kiti chake, naye akisubiri jibu.