Vichwa vya Sangara

Mtoto wangu alifika miezi kumi na moja bila kukaa mwenyewe, na mimi nikawa kama kichaa. Nagonga sufuria nyuma ya kisogo chake nione kama atageuka. Akigeuka nagonga tena, labda kabahatisha tu. Mume wangu akasema, "We mwanamke, utampasua masikio!" Nikamjibu vibaya.

Kisa chenyewe samaki. Nilipokuwa na mimba, mama mkwe, Mayu kama tunavyomwita, alinitumia sangara wa kubanika kila wiki kwa basi, kutoka Mwamanyili kando ya ziwa hadi hapa Bariadi. Sangara haswa, kichwa peke yake kinajaza sufuria. Mjamzito ale kitu kikubwa, alisema, mtoto apate nguvu. Mimba ikiwa ya miezi mitano, nesi wa kliniki akatuambia: zebaki ya kuchenjulia dhahabu huishia majini, na samaki wakubwa wanaokula wenzao huikusanya mwilini. Inaweza kudhuru ubongo wa mtoto tumboni. Kuleni dagaa, kuleni sato, hao wakubwa wapunguzeni.

Nilielewa, tena vizuri. Lakini kwetu chakula cha mkwe hakikataliwi. Angesema mke wa mwanawe anaringa. Ningeweza kumpa jirani, ila kila Jumapili mkwe alipiga simu kuuliza kichwa nimekipikaje, na mimi uongo siuwezi. Nikala mpaka najifungua. Heshima gani hiyo, jamani!

Kliniki walimkagua mtoto, wakanionyesha mazoezi ya kumfanyisha, nirudi baada ya mwezi. Nikauliza, ni wale samaki? Nesi akasema huenda ndio, huenda sio, wapo watoto wanaochelewa tu. Bora angenitukana.

Mkwe alipokuja kumwona mjukuu, hata salamu sikuimaliza. Nikamtolea yote pale pale uani. "Mayu, sangara wako wale! Niliambiwa nisile, nikala kwa ajili yako!" Alinisikiliza mpaka mwisho, amempakata mtoto, mkono mmoja umemshika mgongo asianguke.

"Uliambiwa lini?" akauliza.

"Mimba ina miezi mitano."

Akamsogeza mtoto pajani.

"Sasa mwanangu, mbona hukusema? Dagaa wanaanikwa mpaka mlangoni kwangu. Huyo sangara nilikuwa nauza kuku ndipo nimpate."