Kisu cha Kwato

Wiki iliyopita, hapa mjini, mtaa wa Ngokolo, muuza maji mmoja alisimamisha mkokoteni mbele ya mlango wangu, akainua mguu wa punda wake na kuanza kuchokoa changarawe iliyonasa. Harufu ikanijia, ya ukwato uliolowa, tope, na kitu kama kucha zilizoungua. Nikaacha kufua. Nikajiona tena nina miaka kumi, kijijini kwetu karibu na Bugarama.

Ukoo wetu ulipenda farasi, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumiliki farasi. Baba yake bibi alikuwa mtunza farasi wa mzungu fulani kwenye machimbo ya almasi. Mzungu alipohama na farasi wake, mzee alirudi nyumbani na brashi, kisu cha kwato chenye ncha iliyopinda, na mapenzi yasiyo na pa kwenda. Akayahamishia kwa punda. Binti yake, Bibi Holo, aliyarithi yote. Kila asubuhi aliwapiga punda wetu brashi kabla hata ya kuuliza kama sisi wajukuu tumenawa uso. Majirani wakimcheka alisema, "Farasi ni punda aliyesifiwa tu." Watu walimletea punda wanaochechemea, hata kutoka machimbo ya Bulyanhulu.

Asubuhi moja ya kiangazi akaja Mabula, mwanaapolo, kama tunavyowaita wachimbaji wadogo. Alimvuta punda jike wa kijivu aliyembebea maji na mawe ya dhahabu. Punda alikuja kwa miguu mitatu. Ule wa mbele kushoto hakuthubutu kuukanyagia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nasikia hatua tatu. Tangu lini?"

"Leo siku ya nne. Bibi, nisikufiche. Lori la wanunuzi wa ngozi za punda linapita barabarani saa nane mchana. Asipokanyaga, nampakia. Sina namna."

"Anaitwa nani?"

"Hana jina, bibi. Ni punda tu."

Bibi akapapasa mguu kutoka gotini hadi chini, taratibu, akaufunika ukwato kwa viganja viwili. "Una moto. Usaha umefungiwa ndani. Ukipata njia, atatembea leo hii hii."

Kisha akanishika mkono na kuniwekea kisu.

"Bibi, mtoto huyu?" Mabula alishtuka.

"Huyu huyu."

Mama yangu alikuwa mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Alisema neno moja tu, "Mama!", na bibi hakugeuka.

Nilijua ya kutosha kuogopa. Ukikata kina mno damu inatoka, na punda ndiyo amekwisha. Naye akirusha teke, wewe ndiye uliyekwisha. Bibi alichuchumaa nyuma yangu, mguu wa punda juu ya paja langu, mkono wake kwenye kifundo cha mkono wangu.

"Kwangua. Niambie unachoona."

"Nyeupe."

"Endelea."

"Bado nyeupe, bibi."

Jasho liliniingia machoni. Mabula alitazama saa kwenye simu, akaitia mfukoni, akaitoa tena. Punda akavuta mguu ghafla, nikaanguka chali, kisu kikaruka. Nikaanza kulia, nikasema siwezi.

"Lia huku unakwangua, mayu," bibi alisema. Aliniita hivyo kila mara, kana kwamba mimi ndiye mama yake. Vidole vyake vikanibana kifundo kwa nguvu, nikadhani amenikasirikia.

Nikarudia. Mara nikaliona. "Kuna doa. Jeusi, kama punje ya uwele."

"Lifuate. Polepole."

Nililifuata kwa ncha ya kisu, nikiwa nimebana pumzi. Likafunguka. Usaha mweusi ukachuruzika hadi kwenye gauni langu, unanuka vibaya, na punda akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. Tukaloweka ule mguu kwenye maji moto ya chumvi, tukaufunga kwa matambara na kipande cha tyubu ya baiskeli. Halafu tukangoja hadi mchana. Honi ya lori ikalia barabarani. Mabula akasimama, akaishika kamba.

Punda akauweka mguu chini. Akauinua, akauweka tena. Akapiga hatua nne hadi kwenye ndoo, akanywa.

Honi ikalia mara ya pili, kisha mngurumo ukafifia. Mabula alijifuta uso kwa shati. "Mtoto huyu anaitwa nani?"

"Minza," bibi alisema.

"Basi na huyu ni Minza."

Niliona nimetukanwa. Hata hivyo, jioni hiyo nilitembea kijijini kama mganga mkuu, gauni likinuka, na kwa miaka mingi niliamini kwamba bibi alinichagua kwa kuwa nilikuwa hodari.

Nilikuwa sekondari walipompeleka bibi hospitali ya wilaya, daktari akatuambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, wa siku nyingi. Niliporudi likizo nikamuuliza mama kama siku ya punda wa Mabula bibi alikuwa akiona.

"Aliona mwanga tu," mama alisema. "Alinikataza nisimwambie mtu."

"Na ukamwacha anipe kisu?"

Mama aliendelea kupepeta mchele. "Ulipokimbilia kwa wenzako kujisifu, alikwenda nyuma ya nyumba akatapika. Nikamshika mgongo. Akanawa uso, akaniuliza kama umebaki na vidole vyako vyote. Nikamwambia vyote. Akaniambia nivihesabu tena."