Mtu wa Wi-Fi na Jina la Mtoto

Mtu wa Wi-Fi katika mkahawa wetu karibu na Grande Barrière, kivuko cha mpaka unapotoka Goma, hushika simu ya mteja kwa vidole viwili, kama samaki aliyeanza kunuka. Ukimlalamikia kwamba imeunganika lakini intaneti hakuna, hufuta kioo kwanza kwa tai yake, kisha huguna, nasi sote hungoja utafikiri tuko kwa daktari. Jana Mama Cansilde aliingia mbio kutoka Goma, ambako intaneti ilikuwa inasumbua, akamkabidhi simu. Binti yake aliyeko Ubelgiji alikuwa anampa mtoto jina saa hiyohiyo, na bibi asipoonekana kwenye video, watu wa upande wa mume wangechagua peke yao.

"Mama, VPN yenye ulifungua Goma, ile njia ya kupita vizuizi vya mutandao, ingali inatumika," jamaa wa Wi-Fi akanong'ona. "We ulisha kuvuka mupaka, yenyewe haijavuka." Akaizima. Ukurasa wa masharti ya Wi-Fi ya mkahawa ukafunguka, akabonyeza kukubali, na kitoto kikajaa kwenye kioo kikipiga miayo. Mkahawa mzima tukarusha majina, maana kwetu kila aliyehudhuria hutoa pendekezo lake. Jamaa mwenyewe, bahili hata wa salamu, akaingiza kichwa kwenye picha, akanyoosha tai, akapendekeza jina lake mwenyewe.

"Papa," Cansilde akasema, machozi ya kicheko yakimtoka, "huyu iko mutoto mwanamuke."

Jamaa akakifuta kioo tena. "Bon. Basi mi nitangojea wa pili."