Siku Nilipouliza Habari za Lusajo

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Mbeya, mwanangu, miaka ile ya hamsini, nimepakata ungo wa kahawa na hakuna wa kunisemesha. Nilikuwa nimeolewa karibuni, mgeni kutoka Kalenga, kwa machifu wa Wahehe. Mume wangu aliniacha kwa ndugu zake akaenda Chunya kuchimba dhahabu, nami nikapata kazi ya kuchambua kahawa. Tulikaa safu moja: Sekela, Bupe, Anyosisye, Tusajigwe ubavuni kwangu, na bibi Subilaga mwishoni.

Kwetu mke mgeni hachangii maneno mbele ya waliomtangulia. Anasalimia, anainama, ananyamaza. Ndivyo mama alivyonifunza, nami nikaibeba heshima ile mpaka kazini. Tusajigwe alikuwa akinianzishia mazungumzo kila siku: "Dada Mhehe, Lusajo wangu anaota meno, ananisumbua huyo!"

"Ndiyo, dada."

Kesho yake: "Leo ana homa."

"Pole, dada."

Basi. Sekela, ulimi wake kama wembe, akawa anasema waziwazi, "Mwacheni, huyu wa kwa machifu. Maneno yake anayafungia sandukuni!" Wanacheka, mimi macho kwenye ungo. Mwishowe Tusajigwe naye akachoka.

Bibi Subilaga akaniita kando. "Binti, adabu hiyo ni ya mbele ya mkwe. Sisi si wakwe zako. Mtu akikupa habari ya mwanawe, kesho muulize. Mumeo asiporudi, utalia na nani?"

Neno lile lilinichoma. Lakini nikashikwa na homa, nikalala siku nyingi, nikiyakariri maneno ya kusema kama mtoto wa katekisimu. Hakuna aliyekuja kunijulia hali. Niliporudi nikakaa pale pangu, nikatabasamu.

"Dada Tusajigwe, Lusajo hajambo? Meno yameshaota?"

Mikono yote ikasimama kwenye nyungo.

"Tumeshamzika," akasema. "Wote walikuja." Akachukua ungo wake, akahamia kwa Bupe.

Nilimfuata nyumbani na unga, matanga yamekwisha. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Neno hakunipa. Baadaye ikaja habari kutoka Chunya kwamba mume wangu amefukiwa shimoni akichimba, amekufa. Nililia palepale kazini, na wenzangu wakaendelea kuchambua. Hawakuwa wabaya, mwanangu. Hawakunijua tu.

Kuzungumza nilikuja kujifunza, lakini na watu wengine, mahali pengine. Tusajigwe alikufa kabla hatujapatana, na mpaka leo sioni dawa ya jambo hilo.

Wewe unayeanza kazi, sikia. Usidhani mazungumzo ni ufundi wa kuchekesha watu. Mwenzako akikuambia mtoto anaota meno, amekufungulia mlango wa nyumba yake. Usibaki nje kwa adabu. Muulize, sikiliza jibu, na kesho anzia hapo mlipoishia. Toa na lako, hata liwe dogo, maana mtu hawezi kukuhurumia kwa usilomwambia. Tena usingoje mpaka uwe hodari wa kusema. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo. Kwamba kina rafiki, hawakusema.

Mungu akufungue kinywa mapema, mwanangu. Akupe wenzako watakaogundua ukikosekana siku moja, na wewe usiwe wa mwisho kupata habari ya msiba wao.