Dagaa wa Fungate

Mimi nilitaka fungate ya Unguja kama wanavyokwenda wenzetu: hoteli, bahari, samaki wa kuletewa mezani. Mume wangu akasema Unguja tutafika, ila kwa akili. Tutapanda treni daraja la tatu kutoka Kigoma, kisha boti, halafu tutapanga chumba chenye jiko tupike wenyewe. Na kitoweo tutabeba cha kwetu.

"Nani anapeleka samaki kisiwani?" nilifoka. "Watatucheka!"

"Wacheke. Hawajaonja dagaa wa Ujiji kwa mawese."

Alikwenda mwenyewe ziwani kununua dagaa wabichi. Wengi huku huwaanika mchangani. Yeye aliwatengenezea chanja uani, akashinda akifukuza kuku, ili fungate nzima nisitafune hata punje ya mchanga. Nilinuna. Mpaka nguo zangu za safari zilinuka dagaa. Walipokauka akawafunga kwenye mfuko, akauweka juu ya begi letu.

Homa ikamshika, ikamuua kabla ya siku ya treni.

Siku ya mazishi watu walikuwa wengi, na wanawake jikoni wakauliza kama ndani kuna kitoweo chochote. Mama mkwe, ambaye hakujua habari za mfuko ule, akauona, akawapa. Nilimwona akipita nao mlangoni.

Jirani aliyekaa nami mkekani alikula mpaka akalamba vidole.

"Mwenzangu, dagaa hawa hawana mchanga kabisa," alininong'oneza. "Mmenunua kwa nani?"