Simu ya Papa kwa Serikali

Wakati wa vita, waasi waliokuwa wakitawala Kisangani waliamua kutufundisha demokrasia. Walileta kompyuta moja, wakaiweka ofisini pamoja na simu ya mkononi, wakatangaza redioni kwamba raia yeyote anaweza kupiga na kueleza shida yake. Kompyuta ingehifadhi sauti, na kila Jumamosi tungesikia sauti zetu redioni, tukijibiwa na mkubwa wao mwenyewe.

"Bon, zamani mulikuwa munaandika barua, zinapotea," alisema yule mkubwa. "Leo hakuna kupotea. Na jina hatuombi. Museme bila woga."

Papa, baba yangu, aliamini. Mpaka leo hilo linanikasirisha kuliko mengine yote. Alikuwa mvuvi wa maporomoko, mtu asiyemwamini hata shemeji yake, lakini mashine aliiamini kwa sababu, alisema, haina kabila wala haili rushwa.

Shida yetu ilikuwa moja. Kila alfajiri wanajeshi walishuka mtoni, wakamtazama papa akihatarisha roho yake juu ya miti iliyoshikilia mitego katikati ya maji, kisha wakabeba samaki wote. Sisi tulikula pondu tupu, majani ya muhogo yasiyo na chumvi wala mafuta, na mdogo wangu alikuwa ameanza kuvimba miguu kwa njaa.

Siku moja papa aliazima simu ya mama mmoja mfanyabiashara kutoka Kivu, aliyekuja kununua samaki akakosa. Alipiga palepale uani kwetu, kando ya maporomoko.

"Jina sitaji," alisema. "Maaskari banatwala samaki yetu yote kila asubui. Batoto banalala njaa. Mubaambie batuachie hata nusu."

Nusu! Mtu anaporwa halafu anaomba nusu. Hiyo ndiyo siasa yote aliyowahi kufanya papa.

Jumamosi tulikusanyika kwenye redio. Sauti yake ilitoka safi, naye akatabasamu. Kisha nikaona mama ameacha kutwanga. Nyuma ya maneno ya papa, maji yalikuwa yakinguruma. Sisi tuliozaliwa hapo tulikuwa hatuyasikii tena. Tulizoea kuongea kwa kupaza sauti bila kujiuliza kwa nini. Redioni ndipo tulipoyasikia, na mji mzima ukayasikia pamoja nasi, hata wale askari waliokuwa naye kila alfajiri.

Mkubwa alimshukuru mpigaji, akaahidi kushughulikia.

Alishughulikia. Jumatatu wanajeshi walikuja, wakakata kamba za mitego, wakamchukua papa akiwa na kaptula yake iliyolowa. Mama alikimbilia ofisini. Yule mkubwa alimpokea vizuri, akampa kiti.

"Mama, kama uko na shida, piga simu," alimwambia. "Sasa kazi inafanyika vile."

Jumamosi iliyofuata papa alikuwa redioni. Alisema, polepole kama mtoto anayejifunza kusoma, kwamba alikosea, kwamba askari wanawasaidia wavuvi, na kwamba anaishukuru serikali kwa kumsikiliza. Hatukumwona tena. Lakini shukrani zake walizirudia kila wiki kufungua kipindi, ili wengine wajifunze jinsi raia anavyoshiriki.

Nilitaka kuivunja ile redio. Mama alinishika mkono. Alikuwa akinunua betri kabla ya chumvi, akiketi karibu na redio kila Jumamosi, na mume wake alipoanza kuwashukuru, aliongeza sauti.