Mvuke Katika Stoo ya Dada

Kwamba mwaka ule kahawa ya dada yangu ilirogwa, nilisikia. Kwamba bati la stoo yake lilikuwa limetoboka, nilisikia pia, tena kwa watu walioapa. Mimi sikuona mchawi wala tundu. Niliyoyaona ni haya.

Dada alikuwa mjane, akiishi Kirua Vunjo katika kihamba, shamba la ukoo la migomba na mibuni, alichotuachia baba. Wanunuzi binafsi walikuwa wamekwisha kuruhusiwa, na magari yao yalinunua kahawa popote barabarani bila kuuliza imetoka shamba la nani. Asubuhi moja alikuta vichanja vyake vya kuanikia vitupu. Nilivikuta hivyo mwenyewe nilipopanda kutoka Moshi mjini, nilikokuwa nikifundisha kemia. Aliyevikomba simjui hadi leo. Mavuno yaliyobaki, yaliyokwisha kumenywa na kuoshwa, dada aliyaingiza stooni yangali mabichi. Akayatandaza mikekani, akawasha majiko mawili ya mkaa, akaziba madirisha kwa magunia na kufunga mlango kwa kufuli. Majirani wengi walifanya vivyo hivyo.

"Hii nayo ikiharibika," aliniambia, "nang'oa mibuni yote ya baba. Nitapanda mahindi, nisahau."

Niliporudi wiki iliyofuata alinifungulia. Joto lilinipiga usoni, na matone yakaniangukia shingoni. Nikaegemeza ngazi, nikapapasa bati kwa nje. Lilikuwa baridi, lakini kavu.

"Paa halivuji, dada. Haya ni maji ya kahawa yenyewe. Yanapanda yakiwa mvuke, yanakutana na bati la baridi, yanarudi chini."

"Sasa umekuja kunisaidia au kunifundisha?"

Nikaokota kipande cha mkaa, nikaandika mlangoni kanuni ya gesi kamilifu: kanieneo mara ujazo ni sawa na idadi ya moli mara kiwango thabiti cha gesi mara halijoto katika kelvini. Stoo ilikuwa na mita za ujazo thelathini. Katika nyuzi thelathini za sentigredi, yaani kelvini mia tatu na tatu, mvuke wa maji hauzidi kanieneo ya paskali elfu nne na mia mbili hivi. Jibu lilikuwa moli hamsini za mvuke, kila moja gramu kumi na nane. Jumla gramu mia tisa. Hewa ya stoo nzima, ikishiba kabisa, ilibeba maji yasiyojaza chupa ya lita moja. Kahawa ile ilipaswa kupoteza maji ya madebe mawili.

"Hewa imeshiba," nikasema. "Ukiongeza moto huku umefunga, unaipika tu. Fungua madirisha, hii itoke, iingie nyingine ichukue fungu lake."

"Na mwizi naye achukue lake."

"Nitakaa mlangoni mimi."

"Wewe? Leo utakaa, Jumatatu uko ubaoni. Hesabu yako italinda mlango, mwalimu?"

"Hailindi."

"Basi usinicheke."

"Sijacheka, dada. Nakuomba."

Sikuwa nimezoea kumwomba mtu kwa sauti ile, naye hakuwa amezoea kuisikia. Aliketi juu ya gunia, akayatazama maandishi yangu ya mkaa. Kisha akainuka, akang'oa mwenyewe gunia la dirisha la kwanza, na mvuke ukatoka nje mweupe, ukapotelea migombani.

Nilipiga magoti nigeuze kahawa. Punje za juu zilikuwa na unyevu tu. Nikazamisha mkono hadi kwenye mkeka. Huko chini palikuwa na joto, na nilichotoa kilikuwa na ukungu wa kijani na harufu ya siki. Nikajaribu mkeka wa pili, na wa tatu. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini ilikuja baada ya wiki nzima.

"Zitakauka?" dada akauliza.

"Zitakauka."

"Zitanunuliwa?"

Nikamwonyesha punje zenye ukungu kiganjani mwangu. Akachukua shoka na jembe nyuma ya mlango, nami nikamfuata hadi mstari wa mibuni ulio kando ya mfereji. Nilishika mpini wa shoka.

"Achia, mdogo wangu," akasema.

Nikaachia. Habari za mibuni mingine niliambiwa na watu, nilipokuwa nimekwisha kushuka mjini, na siziandiki. Wa kwanza niliuona kwa macho yangu. Uliangukia mgomba, na mizizi yake ilikuwa bado myeupe.